Pera la Mfukoni

"Dada, hao nzi nikupimie kilo ngapi?"

Sauti hiyo ilimkuta mtafiti ameinamia kapu la mapera yaliyoiva kupita kiasi, mrija wa kunasia nzi mdomoni, pindo la gauni lake la samawati likifagia vumbi la soko. Akainua uso. Muuza matunda, mikono ya shati jeupe imekunjwa hadi viwikoni, alikuwa akimcheka kwa macho.

Mtafiti akamweleza. Nzi wa sokoni wamebeba kipande cha urithi kinachojinakili na kuhamahama miilini mwao, nacho kimekwisha kuenea kila bustani. Ukoo wa zamani usio nacho umebaki katika chupa zake tu. Dume wa sokoni akikutana na jike wa ukoo ule, watoto huzaliwa tasa.

"Masikini! Mkwe mmoja tu anafuta ukoo mzima?"

Alicheka mpaka mrija ukamponyoka. Tangu siku hiyo simu ikawa haikosi kulia adhuhuri: "Mpenzi, umekula, au umelisha nzi tu?"

Kisha ukoo safi ukaanza kutoa watoto tasa, chupa baada ya chupa. Muuza matunda alikuwa amepeleka papai maabara juzi yake, na siku hiyo alipopita kumjulia hali, mtafiti alimgeukia mbele ya wenzake wote.

"Ni wewe! Papai lako limeniingizia nzi wa sokoni. Toka!"

Muuza matunda alivua kofia. "Samahani, daktari," akasema, kama aombaye radhi kwa mgeni, akaondoka.

Jioni, akiosha chupa, mtafiti aliganda. Yai la nzi huchukua zaidi ya wiki kuwa nzi kamili. Papai lilifika juzi tu, na watoto hawa tasa walitagwa kabla yake. Akatia mkono katika mfuko wa koti lake la kazi, akatoa ganda la pera lililokauka. Siku zote alikuwa akila mapera kwa siri katika chumba cha chupa za nzi, mahali pasiporuhusiwa tunda lolote, kwa kuwa yalitoka kwa mpenzi wake na hakutaka kugawana na mtu.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya matunda, macho chini.

"Si wewe. Ni mimi, na mapera yako mfukoni mwangu."

"Ulinifokea wapi?"

"Maabara."

"Mbele ya nani?"

Mtafiti akampigia simu mkuu wa maabara, akafungua spika wote wasikie.

"Mkuu, ukoo wetu nimeupoteza mimi. Nilikula pera chumbani, kisha nikamsingizia mtu. Naomba niyaseme haya leo mbele ya wote."

Wateja waliacha kuchagua ndizi.

"Njoo," sauti ikajibu. "Kazi yako usiitegemee mpaka tuonane."

Uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi. Muuza matunda akapangusa mikono, akaifunika meza kwa turubai.

"Nakusindikiza."

"Ukanitetee?"

"Nikakusikie."

Akachagua pera moja, akaliosha, akamkabidhi.

"Kula kwanza, mpenzi. Hapa hapa, mbele ya watu."