Kompyuta ya Naftaly

Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya ziwa wakati Cheptanui alipokimbia hadi stage ya boda pale Karagita kuchukua kifurushi chake kutoka Nakuru. Ndani mlikuwa na feni mpya ya kupoza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kibomba cha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya feni na prosesa ili joto lisikwame. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitaka kuilazimisha kompyuta ikimbie kuliko ilivyotengenezwa.

Mchana alifunga maua ya kuuzwa ng'ambo kwenye packhouse ya shamba. Jioni aliwachorea mafundi wa Mai Mahiu picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Kompyuta ilikuwa nzee. Picha moja iliiva kwa saa tisa. Na Jumatatu kamati ya kanisa fulani ilitaka picha sita. Ikiridhika, angeiaga packhouse.

Mashine yenyewe alipewa na Wachuka, mwenzake wa kazini, ambaye kwao ni Kabazi. Ilikuwa ya kaka yake Naftaly, marehemu.

"Imezoea kwenda pole," Wachuka alimwambia siku ile. "Wewe iachie tu hivyo."

Cheptanui alicheka. Nani huachia kompyuta iende pole?

Chumba chao kilikuwa kimoja. Nyuma ya pazia alilala mumewe, Kipkirui, anayelinda greenhouse usiku. Cheptanui akaifungua mashine taratibu asimwamshe. Akapangusa vumbi. Akang'oa feni ya zamani... na chini yake kidole kikagusa kitu laini.

Kifuko cha ngozi. Kidogo kama kidole gumba, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kilinuka udongo wa kaburi uliotoka kunyeshewa. Alipokibonyeza, ndani mkakwaruza kama kucha.

Akampigia Wachuka. Simu haikushikwa.

Cheptanui alikuwa mtu wa kanisa. Mambo ya vifuko hakuyataka kwake. Akakitupa kwenye jiko, juu ya makaa yaliyobaki ya chai.

Kiliungua bila moshi.

Akafunga feni mpya, akawasha, akaingia kwenye ile screen ya mwanzo inayotokea kabla Windows haijaamka. Pale kasi ya prosesa iliandikwa kwa namba: 33. Akaipandisha hadi 38. Mashine ikawaka vizuri, joto digrii sitini. Akatabasamu. Akaipeleka 40. Kisha 42. Picha iliyokuwa ikijikokota sasa ilijaa rangi mbele ya macho yake.

Nyuma ya pazia, Kipkirui akaanza kuhema. Ndoto, akajisemea.

Akaweka 44.

Feni ikapandisha sauti. Na kule kuhema kukapanda nayo.

Cheptanui akaacha kuandika. Akasikiliza.

Feni... hu-hu-hu-hu.

Kipkirui... hu-hu-hu-hu.

Pamoja.

Akavuta pazia. Kifua cha mumewe kilirukaruka kama cha kuku aliyekimbizwa boma zima. Shati lilikuwa limelowa jasho. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona.

"Kip... unaniskia?"

Midomo ikasogea.

"Ongerera."

Hicho kilikuwa Kikuyu, na Kipkirui hakujua Kikuyu hata cha kuombea maji. Cheptanui alikifahamu kidogo, cha packhouse. Ongeza. Alikuwa anaambiwa aongeze.

Akairukia kibodi, akaiamuru mashine ijiwashe upya, akarudi kwenye ile screen. Akaandika 33.

Ikajiandika 45.

Akainua mikono yote miwili hewani.

46.

"Ongerera," sauti ikanong'ona nyuma yake.

Cheptanui akaung'oa waya ukutani. Screen ikafa. Taa ya chumba iliwaka, waya ulikuwa mkononi mwake...

Na feni ilizunguka.

Hapo akakumbuka kitu alichosoma. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara inayohifadhi maagizo. Ukiitoa, kompyuta husahau yote uliyoiambia. Akachukua kisu cha jikoni, akaibandua.

Feni ikapungua. Kuhema kukapungua. "Asante Yesu," akasema. Ikapungua tena. Ikapungua zaidi.

Feni ikasimama.

Na kifua cha Kipkirui kikasimama.

"Kip! Kip, usinifanyie hivyo!" Akamtikisa, akamkandamiza kifua, akaweka sikio. Kimya. Midomo ilikuwa inapoa.

Ndipo alipogeuka akaitazama ile mashine, akaelewa.

Betri ilimponyoka, ikabingirika chini ya kitanda. Akaipapasa gizani, akaipata, akairudisha. Akachomeka waya. Akabonyeza.

Hakuna.

Akabonyeza tena.

Feni ikakohoa, ikazunguka. Nyuma yake mtu akavuta pumzi ndefu, kama aliyeibuka kutoka majini.

"Chep... mbona unalia?" Kipkirui akauliza. "Nimechelewa job?"

Kwenye screen paliandikwa 33.

Wachuka alikuja asubuhi. Aliposikia habari ya kifuko alikataa kuingia. Alisimama mlangoni, leso mdomoni.

"Mama ndiye alikishona baada ya mazishi," alisema. "Ili isichague mwingine. Nisamehe, Chep. Alituambia imeisha."

"Naftaly alikufaje?"

"Stima ilipotea Kabazi. Yeye alikuwa shamba anachimba viazi. Akaanguka tu."

"Ile sauti... ilikuwa yake?"

Wachuka alitikisa kichwa. "Hapana. Hata yeye alikuwa anaiskia."

Picha sita za kanisa hazikuchorwa. Cheptanui hajaigusa tena kibodi ile. Mashine iko chini ya meza, imefunikwa kitenge, na haijazimwa. Hospitali walimpima Kipkirui moyo wakasema ni mzima kabisa. Mwanzoni aliicheka hadithi yenyewe. Kisha jioni moja stima ikakatika kidogo tu, kama kupepesa jicho, naye akiwa kule greenhouse, mbali na nyumbani. Wenzake walimwokota kati ya waridi, akazinduka Cheptanui alipoiwasha mashine. Tangu betri ile itolewe, haikuzunguka tena bila stima. Tangu siku hiyo hacheki. Walinunua betri ya sola bila paneli, ya kuchajiwa na stima. Ikijaa, inaendesha mashine kwa saa nne tu.

Leo jioni simu ya Kipkirui imelia. Ujumbe kutoka kwa watu wa stima: Alhamisi, Karagita yote, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, matengenezo.

Aliusoma mara mbili. Akaiweka simu mezani polepole.

"Leo ni siku gani?"

Cheptanui alikuwa ameshainama kuichomeka betri ijae.

"Jumatano," alisema.