Mzee Aliyekatazwa Jembe

Asubuhi ile, ndugu zangu, Kashozi, kijiji kilicho nje ya Bukoba mjini, ilikuwa imetulia. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mzee Byabato alikuwa kibanjani kwake, akikata majani makavu na kuyatandaza chini ya mibuni huku akipiga mluzi. Umri wake ulikuwa umevuka hamsini, lakini mgongo wake ulikuwa bado unamtii.

Mwanawe, Philbert, ndiye aliyeukatiza mluzi huo. Philbert alikuwa amesoma mpaka chuo, na baada ya Uhuru akapata kazi ya ofisini Bukoba mjini. Siku hiyo alikuja na kiti kikubwa cha mninga, chenye mto laini.

"Tata, weka panga chini," alisema kwa upole. "Watu wakikuona unalima watasema Philbert ana mshahara, na baba yake bado anahangaika na jembe."

"Lakini waitu, mwanangu, mimi naipenda kazi hii."

"Sasa utapenda kupumzika."

Byabato alimtazama kijana wake, akaona mapenzi yaliyojaa usoni mwake, akashindwa kumkatalia. Msimcheke, nyinyi mnaosoma. Nani kati yetu ana moyo wa kukataa heshima anayopewa na mtoto wake?

Basi akaajiriwa kibarua. Klaudia, mke wa mzee, akawa anamletea chakula, maji ya kunawa na hata kaa la kuwashia kiko palepale kitini. Balozi wa nyumba kumi alipowaita watu wake kwenye shamba la ujamaa, kibarua alikwenda badala ya mzee. Siku ya kukanyaga ndizi za kutengenezea lubisi, ile pombe ya ndizi, Byabato alikunja suruali ili aingie katika mtumbwi wa kukanyagia ndizi pamoja na wenzake. Philbert alimrudisha mbele ya watu wote. Karugendo, jirani yake tangu utoto, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Byabato! Kumbe umekuwa bibi harusi? Unafungiwa ndani unenepeshwe! Mahari yako tuilete lini?"

Watu waliangua kicheko. Byabato naye alicheka, kisha akarudi kuketi.

Miaka ikapita. Tumbo likaongezeka, miguu ikavimba, na safari fupi ya kanisani ikawa inamwacha akihema kama mtu aliyebeba gunia la kahawa. Majirani walimsifu kwamba amenawiri. Kisha ikaja kiu isiyokwisha. Alikunywa maji na midomo ikabaki mikavu. Mwishowe kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Klaudia alipofungua kitambaa, alilia kimya kimya.

Walimpeleka Rubya, kule Muleba, kwa sababu Theopista, mdogo wake Klaudia, alikuwa muuguzi hospitalini huko.

"Shemeji, ni ugonjwa wa sukari," Theopista alimwambia. "Kidole kitakatwa. Mguu wenyewe bado tunaupigania."

"Nani kaniroga?"

"Hakuna aliyekuroga. Humu wodini yumo karani kutoka Biharamulo, na yumo mzee Bashiri, mwenye duka Kashai. Hamjuani, lakini ukiwauliza siku zao zinavyopita, watakueleza zako: kuketi, kula, kuketi tena. Ugonjwa huu una sababu nyingi, shemeji, ila mwili usiotembea unashindwa kuitumia sukari yake. Nasi tunaudhani umepumzika."

Philbert, aliyekuwa amesimama karibu na kitanda, aliinamisha kichwa.

Kidole kikakatwa, lakini mguu ukapona. Kidonda kilipofunga, daktari alimruhusu mzee kurudi nyumbani na dawa zake. Alimwagiza avae viatu, atembee kila siku, aongeze mwendo kidogo kidogo.

Basi lilimshusha mzee na Klaudia barabarani, chini ya kilima cha kwao. Pale walikuwa wakingoja vijana wanne wenye machela. Philbert ndiye aliyewaita, naye alikuwa amesimama pamoja nao.

"Lala, Tata. Tutakubeba, watu wasikuone ukichechemea."

Byabato aliitazama machela. Alijua kwamba akilala pale leo, kesho hatainuka. Hakuwa amezoea kumkatalia mwanawe, lakini leo alisema:

"Philbert, siku nitakapokufa mtanibeba. Leo niacheni nitembee."

"Watu watasema nini, Tata?"

"Watasema Byabato yu hai."

Akaanza kupanda, akisimama, akihema, akipanda tena. Klaudia alimfuata na mzigo wake kichwani. Philbert alibaki barabarani kitambo, machozi yakimlenga. Kisha akawaambia vijana waende zao, akamkimbilia baba yake, na alipomfikia akapunguza mwendo.

FUNZO

Ndugu zangu, kumpenda mzazi ni kumpunguzia mzigo mzito, lakini msimnyang'anye kazi anayoiweza na anayoifurahia. Mwili unaokaa tu hudhoofika, uwe wa mkulima, wa karani au wa mwenye duka. Nanyi wazee, heshima inayowafunga kitini ikataeni mapema, kwa upole, kabla hamjapoteza hata kidole.