Punje za Unga na Masikio ya Claire

Jumatatu tarehe 3 Agosti 1998 kulikucha na upepo mkavu. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeificha milima ya ng'ambo ya ziwa. Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Rugenge, nawasimulia ya nyumba ya mwalimu Sévère, aliyenifundisha hesabu jioni, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Asubuhi ile mkewe, Consolate, alichekecha unga wa muhogo uani huku akiimba. Sévère alikuwa ndani na ordinateri yake, yaani kompyuta. Alitaka kujua kwa nini unga mkavu hung'ang'ania chuma cha kinu. Punje zikisuguana hupata umeme, zikavutana au kusukumana. Wengi huzihesabu kana kwamba ni za mviringo. Yeye aliigawa kila punje, pembe zake na mabonde yake, katika mamia ya vipande vidogo, na mashine ikapima nguvu ya kila kipande juu ya kingine. Kazi ya siku mbili bila kuzima. Dumu la mwisho la esanse, petroli ya jenereta, nililibeba mimi. Mungu anisamehe.

"Bibi zetu walipiga chekeche kofi, unga ukaanguka," Consolate alimtania. "Weye unauuliza maswali!"

Saa nne binti yao Claire, mwenye miaka mitano, alianza kutetemeka kwa homa.

"Papa Claire, mutoto iko anaungua!" Consolate alimwita mumewe. "Lete hiyo esanse tuitie kwa pikipiki, twende hospitali."

"Imebakia saa mbili tu, mama. Ikizimika, yote inapotea."

"Na huyu akizimika?"

Aligeukia mashine yake. Nami nilisimama pale na dumu mkononi, nikanyamaza kwa heshima ya mwalimu, kisha nikaimimina esanse kwenye jenereta.

Saa sita Sévère alipiga kelele ya furaha: "Imekwisha! Pembe ndizo zinazovuta!" Kabla hajainuka, bunduki zililia barabarani. Waasi walikuwa wameingia mjini. Siku tatu tulijifungia, tukiomba. Claire alipona, lakini homa iliondoka na masikio yake. Hasikii hata ngoma ya kanisa.

Fundisho

Elimu ni zawadi ya Mungu, wala ordinateri haina dhambi. Dhambi ni kumwambia mtoto mgonjwa asubiri, na jirani kuona akakaa kimya. Hesabu iliyopotea huanzwa upya. Masikio hayaanzwi upya.

Barabara ilipofunguliwa, Sévère alipiga magoti mbele ya kanisa zima, uso kwa uso na bintiye aliyeikazia macho midomo yake. Akasema kwa sauti:

"Claire, ukinigusa bega tu, nitazima kila kitu. Hawa wote ni mashahidi."