Kiti cha Katwe

Jumamosi asubuhi Okidi alifungua mlango wa Subaru yake akakuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele, karibu na usukani kiasi kwamba mtu wa urefu wake asingeweza kupitisha magoti. Kioo cha ndani nacho kilikuwa kimeinamishwa, kama alivyokiacha mtu mfupi.

Okidi ana futi sita na zaidi. Mkewe, Ayaa, hajui kuendesha. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Okidi.

"Nani aliingia kwa gari?"

"Nani aingie?" Ayaa alijibu kutoka jikoni. "Hiyo gari hata mimi mke wako naomba ruhusa kukaa."

Okidi alikivuta kiti nyuma. Reli ya kiti ililia meno saba, kak, kak, kak. Ndani kulinuka tope la kinamasi. Akafikiri ni mvua ya jana.

Kiti kilikuwa na siku mbili garini. Okidi ni askari wa magereza huko Luzira, na kwa miaka minne alikuwa ameijenga Subaru Impreza hiyo kwa mikono yake: injini aliishusha mara mbili, ekzosi aliichomelea mwenyewe. Kilichokuwa kimebaki ni kiti cha mbio, kile chekundu kinachomkumbatia dereva mbavuni. Alhamisi alikiona Katwe, kwa Abdul-Latif, fundi anayevunja magari ya ajali na kuuza vipuri.

"Hiyo bado, afande," Abdul-Latif alimwambia. "Ngojea Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Gari yake iliingia kinamasi, barabara ya Masaka. Mama aliyekuwa anaendesha walimtoa siku ya tatu. Kitu ya namna hiyo sisi hatuuzi mpaka shehe aisomee. Mtu akifia mahali, jini anakuja kukaa."

Okidi aliijua desturi hiyo; mafundi wote wa Katwe wanaifuata. Lakini Ijumaa alikuwa zamu, na Jumapili wenye magari wenzake walikuwa wanakutana Bukoto, boneti zote juu. Hakutaka kwenda na kiti cha zamani kilichotoka sponji. Akasihi, akatania, akakazana, mpaka akaondoka nacho. Jioni ileile alikifunga kwa boliti nne zilizokuja nacho, kwa kuwa zake zilikuwa zimeliwa na kutu.

Jumapili alikwenda Bukoto na binti yake, Atoo, wa miaka minane. Mtoto huyo alijua majina ya spana kabla hajajua kusoma. Watu walikizunguka kiti, wakakisifu. Zéphyrin, Mkongo anayepaka magari rangi, alifika na soda mkononi.

"Papa Atoo, gari iko kitoko, muzuri kabisa! Sasa ule mama njo nani?"

"Mama gani?"

"Ule alikaa mbele, alishika usukani. Nilimupungia mkono, hakujibu. Ana maringo! Na nywele iko maji tupu."

"Nimekuja na Atoo peke yake."

Zéphyrin alitazama gari, kisha jua lililokuwa likiwaka. 

Saa kumi na moja walikuwa wanateremka kilima cha Mbuya kurudi nyumbani, Atoo nyuma, amefunga mkanda. Okidi alisikia kak. Kiti kilisogea jino moja. Akadhani hakukibana vizuri. Kak. Alivuta kishikio akirudishe, kikagoma. Kak, na magoti yake yakagota dashibodi, na harufu ya tope ikajaa garini, na mguu wake wa kulia, uliobanwa usiweze kuinuka, ukazidi kukandamiza mafuta, huku lori la maji likipanda upande wa pili na Atoo akicheka kwa kudhani baba anacheza, kisha akiacha kucheka na kusema kwa sauti ndogo, "Baba, huyu mama uliyempakata amelowa," na ndipo Okidi alipohisi uzito mapajani, na ubaridi ukipenya suruali, akaishika breki ya mkono kwa mikono yote miwili akaivuta mpaka gari likazunguka na kusimama ukingoni mwa mtaro, huku honi ya lori ikipita dirishani.

Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Nyumbani Ayaa alisimuliwa yote. "Rudisha," alisema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie.

"Kesho asubuhi nita..."

"Leo, Baba Atoo. Mtoto tunaye mmoja."

Okidi alikifungua kiti uani, akakipeleka Katwe kwa teksi. Abdul-Latif hakumlaumu; alimwita shehe tu. Shehe alitandika mkeka mbele ya kiti, akauliza, "Kila kitu cha gari ile kiko hapa?"

"Kila kitu," Okidi alisema.

Shehe alisoma mpaka sauti ikakauka. Chini ya kiti maji meusi yalichuruzika, yakakoma. Reli ililia mara moja, ikanyamaza. Wakakichoma, na harufu ikawa ya sponji inayoungua, basi.

Wiki tatu zikapita kwa amani. Okidi alirudishia kiti cha zamani, akanunua boliti mpya. Atoo alianza tena kumfuata garini, kwanza kwa kusimama mlangoni, kisha kwa kukaa.

Kisha mguu wa kitanda cha mtoto ukalegea. Okidi ana kopo tupu la mafuta ya Kimbo anamowekea boliti, maana fundi hatupi boliti nzuri. Alichambua, akapata nne za chuma kigumu, za urefu uleule, akakaza kitanda mpaka kikatulia kama mwamba. Aliridhika na kazi yake.

Kesho yake alasiri Atoo alirudi kutoka shuleni na homa kidogo, akalala. Ayaa alikwenda dukani kununua dawa. Okidi alikuwa uani akiosha gari.

Kak.

Aliinua kichwa. Kiti cha zamani kilikuwa mahali pake, hakijasogea.

Kak. Kak.

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Alisimama na kitambaa mkononi, akijiambia kwamba kitanda hakina reli, kwamba kitanda hakina meno ya kulia hivyo, na akiwa bado anajiambia aliyaona macho ya shehe na kusikia jibu alilompa, "Kila kitu," na akakumbuka uani siku ile, spana mkononi, boliti zikitoka moja moja na yeye akizitia mfukoni, kisha koponi, bila kuwaza, kama alivyofanya maisha yake yote.

Alikimbia. Mlango wa chumba ulifunguka kiasi cha vidole vitatu, ukagota kitanda. Akausukuma kwa bega, haukuenda. Maji meusi yalikuwa yakipita chini yake.

"Atoo! Atoo, mwanangu, amka!"

Mtoto alijibu kutoka ndani, kwa upole, kama aliye usingizini.

"Baba, kanyaga breki."

Kak.