Chai ya Tarehe 21 Novemba

"Pilipili, mzigo unao msichana wa koti jekundu. Unamwona?"

"Namwona."

Kwamboka, jina la kazi Pilipili, alimjibu mkubwa wake Ivan kwenye redio ya sikioni, akakaza mwendo. Bastola yake, Glock, ilimbana ubavuni, chini ya koti la Primark.

Siku kama hii, mwaka 1974, mabomu yalilipuka kwenye baa mbili hapa Birmingham. Watu ishirini na mmoja wakafa. Wanaume sita wa Ireland wakafungwa miaka kumi na sita kwa kosa wasilolifanya. Leo watu walikuwa wamekusanyika kuwakumbuka marehemu, mbele ya stesheni ya New Street. Na kulikuwa na maadui wa kutoka nje waliotaka bomu lingine hapo hapo, ili Waairishi walaumiwe tena.

Koti jekundu likageuka.

Jemima!

Mtoto wa kanisani kwao, mtaa wa Great Barr. Anayeogesha wazee wa watu, kutwa kucha, ili mama yake aliyeko Kisii apate dawa. Kifuani amekumbatia chupa ya chai.

Kwamboka alikuwa na chupa yake mkobani, imejaa chai. Lakini alitaka kusikia jibu.

"Baridi hii, mwanangu! Hebu nimiminie kidogo."

"Woi, anti, pole. Anko Mugo amesema nisifungue. Ni ya wazee wa Ireland, atakuja kuwamiminia yeye mwenyewe."

Mkenya kabeba chai, amnyime mama mtu mzima kwenye baridi?

Hiyo haikuwa chai.

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Anti, mtu wa kanisa utamkatalia mzigo kweli?"

Hapo ndipo watoto wetu wanaponaswa.

Kwamboka akabonyeza kifaa mfukoni. Simu zote za karibu zikazimika, asiwepo wa kulipua bomu kwa simu. Mfagiaji mmoja, ambaye hakuwa mfagiaji, akaichukua ile chupa polepole na kuipeleka kwenye gari la chuma la wategua mabomu.

Mugo alisimama mlangoni mwa stesheni, suti safi, akibonyezabonyeza simu iliyokufa. Kwamboka akatoa chupa yake. Chupa zetu zote zinafanana.

"Karibu chai, Anko Mugo."

Akashika kifuniko.

"Mama, usifungue! Nakuomba, usifungue!"

"Kwani kuna nini ndani?"

Mugo akageuka akimbie. Akakutana na mdomo wa Glock.

"Pilipili kwa Ivan. Mwenye mzigo ninaye. Nimemrekodi."

Ivan alifika na polisi mmoja na pingu mbili.

"Ya pili ya nani?"

"Ya msichana. Alibeba."

"Alidanganywa, Ivan. Hii hapa sauti yake. Sikiliza."

"Nitasikiliza Jumatatu. Ataeleza kortini."

"Hata wale sita walieleza."

Ivan akatia kinasa sauti mfukoni, akamwashiria polisi amfunge Jemima pingu.

"Anti!" Jemima alilia, mikono nyuma. "Waambie! Nitanyang'anywa visa! Nani atamwambia mama?"

"Mimi," Kwamboka akasema. "Nitampigia leo."

Akamimina chai kikombeni, akampa Jemima anywe, akimshikia kikombe kama mtoto mchanga. Polisi hakuthubutu kumzuia.

Kisha akafunga chupa, akafunga koti, akaenda zake bila kugeuka.

Alipozima kile kifaa, simu yake ikawaka: mama yake Jemima, kutoka Kisii, alikuwa ameshapiga mara mbili.