Kioo Kisichokatwa

Baba yangu ni fundi wa vioo vya madirisha. Mtaani wanamwita Almasi, kwa sababu ya kile kikalamu chake chenye ncha ya almasi cha kukatia vioo. Anaweka rula, anapitisha almasi mara moja, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana kama biskuti. Harudii. Nyumba nyingi za mtaa wetu zinapata mwanga kupitia mikono yake.

Mimi ni msaidizi wake. Nashika upande wa pili wa kioo. Napaka puti ya kushikilia kioo kwenye fremu. Nafuta alama za vidole kazi ikiisha.

Jumatano asubuhi tulikuwa tunapakia fremu ya alumini kwenye gari letu dogo la zamani. Mlango wa mbele, upande wa abiria, ulikuwa wazi, na kioo chake kimeshushwa nusu. Baba alikuwa anasukuma, mimi navuta. Pembe ya fremu ikagusa ukingo wa kioo. Iligusa tu. Kioo chote kikamwagika chini.

Baba alisimama. Akainama, akachota punje kiganjani.

"Kioo gani hiki, kinamwagika kama chumvi ya mawe?"

Mama alikuwa anaanika nguo. Alisema bila kugeuka, "Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata."

"Mimi sijajinyoa bado."

"Ndiyo maana nakuonya mapema."

Tulicheka. Kisha baba akalitazama lile tundu la mlango, na mimi nikajua anachokiwaza. Jumamosi tulitakiwa kwenda kumchukua Bibi hospitali.

Bibi ni mama yake baba. Kwa miaka miwili alikuwa haoni vizuri. Alikuwa ananitambua kwa mlio wa miguu yangu. Wiki hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Presha yake ilikuwa juu kidogo, kwa hiyo walimlaza mpaka Jumamosi. Muuguzi alikuwa amemwambia baba waziwazi: "Jicho lisipigwe na upepo. Vumbi lisiingie. Uchafu ukiingia sasa, jicho linaweza kutunga usaha, na asione tena."

Kutoka hospitali mpaka kwetu ni mwendo wa saa nzima. Zaidi ya nusu ya njia hiyo ni vumbi. Na Bibi hukaa mbele, upande wa abiria, kwa sababu ya magoti yake. Yaani palepale palipobaki tundu.

"Tukodi gari la mtu," mama alisema.

"Unamjua mama. Hapandi gari la dereva ambaye yeye hakumnyonyesha."

Mama akaleta nailoni na utepe wa gundi. Tukabandika. Baba akaenda na gari mpaka njia panda kulijaribu. Nailoni ilipiga makofi njia nzima, kisha ikachanika. Isitoshe, kupitia nailoni ile baba hakuweza kukiona kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, na nusura amgonge mbuzi.

Aliporudi alikuwa ameshaamua.

"Dukani nina kioo cha milimita tano," alisema. "Nitakata mwenyewe. Bibi yako atakaa nyuma ya kioo kigumu kuliko kile cha kiwandani."

Alichora umbo la kioo kwenye boksi, akifuata kile cha mlango wa pili. Alhamisi mchana akakata. Nilikuwa sijawahi kumwona akikata mikunjo kama ile. Ilitoka safi. Alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilijivunia baba yangu siku ile, nasema kweli.

Jioni Dada Spana alikuja. Huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Anafanya kazi gereji, na pale gereji milango na vitasa ni kazi yake. Wanamwita hivyo kwa sababu spana haitoki mfukoni mwake, hata akienda harusini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona kazi?"

"Nimekuja kuona kama ni kweli. Nimesikia unaweka dirisha la sebuleni kwenye gari."

Baba alicheka, lakini hakupenda. "Kile cha kwanza kilikuwa dhaifu. Kimeguswa tu, kikawa chumvi. Hiki changu ukikigonga kinabaki."

"Na kikivunjika?"

"Hakivunjiki."

"Mzee, si wewe unayekula kwa sababu vioo vya watu vinavunjika?"

Nyuma ya mlango wa jikoni mama alicheka peke yake.

Dada Spana hakubishana zaidi. Aliomba kipande cha kioo kilichobaki. Akakifunga ndani ya gunia, akakigonga kwa nyundo. Kisha akavaa glovu na kufungua gunia. Kioo kilikuwa kimevunjika vipande virefu, vyembamba, vyenye ncha. Vilikuwa kama visu vya jikoni. Akachukua kimoja, akakipitisha juu ya kandambili yetu kuukuu. Kandambili ikakatika.

Kisha akaokota punje za kile kioo cha gari. Akazimimina juu ya ile kandambili, akazisugua. Zilikwaruza tu.

"Sasa niambie, mzee. Uko njiani, mtu akakugonga ubavuni. Bibi amekaa hapa. Uso wake uko hapa." Aliweka mkono penye tundu la mlango. "Unataka kipi kimwangukie?"

Baba aliitazama ile kandambili.

"Kioo cha mlango wa gari si cha kukatwa," Dada Spana aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Kiwandani wanakikata kwanza. Halafu wanakichoma kwenye tanuru mpaka kinakaribia kulainika, wanakipoza ghafla kwa upepo mkali. Hapo kinakuwa kigumu. Ukikipiga usoni kinavumilia. Lakini ukingo ndio udhaifu wake. Ukigusa ukingo na kitu kigumu, kinaachia chote."

"Kwa hiyo kumwagika kule kulikuwa kwa makusudi."

"Kabisa. Kimefundishwa kuvunjika kwa adabu."

"Na cha mbele, mbele ya dereva?"

"Hicho ni kingine. Kina tabaka la plastiki katikati. Kinapasuka lakini vipande vinashikana. Na hicho usikibadilishe nyumbani, kinahitaji fundi na gundi yake."

Baba alikigeuza kile kioo alichokikata. Mikunjo yake bado ilikuwa mizuri. Akakiegemeza ukutani.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Sikuwahi kuuliza." Kisha akafuta mikono kwenye suruali. "Haya, mwanangu. Tunakipata wapi?"

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa wauza vipuri vya magari yaliyotumika. Dada Spana alikuwa ametuambia mambo ya kusema: aina ya gari, mwaka wake, milango mingapi, mlango wa mbele au wa nyuma, na upande gani. "Kushoto ni kushoto ukiwa umekaa ndani unatazama mbele," alitusisitiza. "Wengi wanarudi na kioo cha upande mwingine kwa sababu walisimama mbele ya gari wakihesabu."

Muuzaji alitoa kioo. Hapo baba akawa Almasi tena. Hakukitazama usoni. Alipitisha kidole polepole ukingoni, kuanzia kona moja mpaka nyingine. Akasimama chini kabisa.

"Hapa kuna mmeguko."

"Mzee, huo hata hauonekani."

"Hauonekani, lakini upo. Hiki kitamwagika kabla sijafika nyumbani. Lete kingine."

Muuzaji alipapasa mwenyewe, akaleta kingine. Baba akakikagua. Akatazama pia ile chapa ndogo iliyo kwenye kona, alama ya kioo cha usalama. Ilifanana na ya mlango wetu wa pili. Tulikifunga kwenye blanketi. Nilikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Dada Spana alikuja saa ya chakula. Alikuwa na saa moja tu.

"Nani ana mkono mwembamba hapa?" aliuliza. "Wangu mnene, na wa mzee ndiyo kabisa."

Wote walinitazama.

"Mimi?" nilisema.

"Wewe. Vaa glovu, vaa na miwani. Mzee, shika tochi."

Gari letu ni la kuzungusha kioo kwa mkono. Dada Spana alisema ingekuwa la umeme, tungechomoa waya wa betri kwanza. Na kama ni gari jipya lenye mifuko ya hewa mlangoni, tusingeligusa kabisa, tungelipeleka kwa fundi wake.

Nilifungua skrubu za kishikio. Kisha mkono wa kuzungushia kioo. Huo haukuwa na skrubu. "Pitisha kitambaa nyuma yake," Dada Spana alisema. "Vuta huku na huku, kama unasugua kiatu." Nilivuta. Kibanio kidogo cha waya kikaruka hewani, kikapotea. Tulipiga magoti wote watatu kutafuta.

"Mnatafuta hiki?" Mama alisimama mlangoni na kijiko. "Kimeingia kwenye mboga yangu. Nimewaambia kinyozi asijinyoe, sasa ananyolea sufuriani."

Baba alicheka mpaka tochi ikatikisika.

Nilivuta ubao wa ndani wa mlango, kibanio kimoja baada ya kingine. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya plastiki. "Ibandue taratibu," Dada Spana alisema, "tutairudisha. Hiyo ndiyo inazuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Wengine huitupa, halafu wanashangaa zulia linanuka."

Chini kabisa ndani ya mlango zilikuwa zimejaa punje. Nilidhani tumeshaziokota zote nje. Nilichota, nikafagia kwa brashi, nikatoa kopo zima.

"Inatosha?"

"Haitoshi. Punje ikibaki kwenye mpira, itachora kioo kipya kila kikishuka. Na zikiziba matundu ya chini, maji hayatoki, mlango unaoza. Toa mpaka usisikie kitu ukigonga."

Nilifagia tena. Nikagonga mlango. Kimya.

Kisha tukakiingiza kioo. Baba alikishika kwa juu, nje ya mlango. Tulikiinamisha mbele, tukakishusha taratibu ndani ya mfereji wa mpira. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mlango mpaka begani. Sikuona kitu. Nilipapasa mpaka nikaipata mashine ya kupandishia kioo, na matundu yake mawili ya bolti.

"Kaza kwa vidole kwanza," Dada Spana alisema. "Spana baadaye."

Mimi nilikuwa na haraka. Nilitumia spana palepale. Kisha nikachomeka mkono wa kuzungushia na kuzungusha. Kioo kikapanda upande mmoja, upande wa pili ukabaki nyuma. Kikakwama.

Nilitazama chini. Nilingoja baba aseme jambo.

Baba alisema, "Legeza. Kioo kina mahali pake kinapopataka. Wewe mpe nafasi aende mwenyewe."

Alikisema kioo kama mtu. Nililegeza bolti zote mbili. Nikakipandisha kwa mikono mpaka kikaingia kwenye mpira wa juu, kikatulia. Hapo ndipo nikakaza, kidogo huku, kidogo kule, bila nguvu nyingi. Nikazungusha tena. Kikashuka. Kikapanda. Hakikutoa mlio.

"Rudia mara kumi," Dada Spana alisema. "Kabla hujafunga ubao. Ukifunga halafu kikakwama, unaanza upya."

Nilirudia. Kila mara baba alimulika tochi kwenye ukingo, kwa umakini kama anayefundishwa kazi siku ya kwanza. Ya kumi ilipopanda, Dada Spana alitazama saa, akachukua mfuko wake.

"Nilipanga nirudi jioni kurekebisha," alisema. "Sina cha kurekebisha."

Tulirudisha karatasi ya plastiki na ubao. Jioni ile baba aliandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana yake: *Vioo vya milango ya magari havikatwi. Uliza, tukueleze.* Kile kioo cha milimita tano alikipunguza kikawa dirisha dogo la bafu letu.

Jumamosi tulimchukua Bibi. Juu ya jicho lake waliweka kifuniko kidogo cha plastiki angavu chenye vitundu. Nilimfunga mkanda wa kiti cha mbele, nikapandisha kioo mpaka mwisho. Mimi na mama tulikaa nyuma.

Tulipoingia njia ya vumbi, Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Lori la mchanga likatupita kwa kasi. Vumbi lilifunika kila kitu. Lilikipiga kioo, likateleza likaenda zake. Ndani hapakuingia hata chembe.

Bibi alishusha mtandio. Akagusa kioo kwa kidole.

"Mliniambia kimevunjika."

"Kilivunjika, mama. Hiki ni kingine."

"Umekiweka wewe?"

Baba alibadilisha gia. "Mjukuu wako ndiye aliyekiweka," alisema. "Mimi nilimshikia tochi."

Bibi aligeuka, mwili mzima, magoti na yote. Alinitazama kwa lile jicho lake jipya. Alinitazama muda mrefu, kama anayesoma.

"Hebu nipe huo mkono."

Nilimpa. Ulikuwa na mikwaruzo kuanzia kiwiko mpaka begani, ya kingo za ndani ya mlango. Bibi aliihesabu kwa macho, mmoja mmoja, bila kuipapasa.

"Tisa," alisema. "Naiona yote."

Hakuuachia mkono wangu mpaka tulipofika nyumbani.