Kibabu cha Kiko

Kilikuwa kikohozi cha mzee. Kile cha majimaji, kinachoanzia chini kabisa ya kifua, kinapanda kikikoroga makohozi njiani, halafu kinasita kooni. Usiku ule, badala ya kusikia mtu anatema, Mahfoudha alisikia mtu amemeza.

Alifumbua macho. Thabit, mumewe, kalala chali ubavuni pake, pumzi zake nyepesi. Bashayer, binti yao asiyetimiza hata mwaka, yumo kitandani mwake kimya. Chumba cha karibu na jiko alilala Wilkister, msichana wa Kikenya anayewasaidia kazi, na msichana wa umri ule hakohoi vile. Hapakuwa na mzee nyumbani mle. Flati yao ilikuwa ya juu kabisa, mtaa wa Azaiba, Omani, na jirani wa chini kaenda zake Salalah.

Kikasikika tena. Sebuleni.

Alikwenda kwa sababu alijiambia ni bomba, bomba la AC, bomba la choo, bomba lolote lile. Alipofungua mlango ikamlaki harufu: mafuta ya nguruwe yaliyoganda, majivu baridi, na kinywa cha mtu asiyejua mswaki. Akawasha taa. Hakuna mtu. Juu ya kabati la vyombo kibabu cha mti kimesimama kama siku zote, kofia yake ya kijani, ndevu zake nyeupe, kiko mkononi, mdomo wake wa mviringo u wazi. Na kwenye ndevu zile umening'inia ute wa rangi ya tumbaku.

Akaufuta kwa kidole kabla hajafikiri. Ulikuwa na uvuguvugu.

Kibabu hicho walikinunua Desemba huko Nuremberg, Ujerumani. Thabit alikuwa na semina ya kazi, na Mahfoudha aling'ang'ania kufuatana naye pamoja na mtoto, maana wenzake wote wa skuli walishapiga picha kwenye masoko ya Krismasi ya Ulaya, na yeye je? Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. "Soko la Krismasi! Mnakwenda kununua nini huko, viti vya kanisa?"

"Tunakwenda kutembea tu, mama."

Kwenye picha palipendeza. Uwanja wa mawe mbele ya kanisa kongwe, vibanda vya mbao safu kwa safu, mapaa yake ya turubai la mistari myekundu na myeupe, taa za manjano, ngome ya zamani juu kilimani. Lakini picha haina harufu. Kila ulipogeuka palichomwa soseji za nguruwe, mafuta yakichuruzika kwenye makaa na kurudi juu na moshi, na moshi ule ukatua kwenye shungi lake, kwenye koti lake, kwenye kofia ya mtoto, hata alipomeza mate alihisi kameza nguruwe mzima mzima. Watu wamesimama na vikombe vya mvinyo wa moto, midomo imewaiva, wanatafuna huku wanacheka, videvu vinang'ara mafuta. Thabit akamnunulia maji ya tofaha ya moto, akamhoji muuzaji kama hayana pombe mpaka muuzaji akachoka. Mahfoudha hakuyamaliza. Kichefuchefu kilimkaa kooni.

Baridi ikamziba mtoto pua. Bashayer akawa anakoroma, hawezi kunyonya, analia. Mahfoudha akafanya alivyofanyiwa yeye na mama yake: akaizungushia mdomo pua ya mwanawe, akavuta kamasi, akatema kwenye tishu. Mama mmoja wa Kizungu mwenye soseji mkononi akakunja uso akageuka. Mahfoudha akaona haya, haya khasa, wao na nguruwe wao ndio wa kumuona yeye mchafu, akajisogeza kwenye kibanda cha mwisho kabisa.

Kibanda kile kilijaa vibabu vya mti. Ajuza aliyeviuza alikwishaona yote, naye hakuchukizwa hata chembe. Alitabasamu. Akachagua kibabu kimoja, akakigawa kiunoni, akaonesha kisahani cha bati ndani yake, akaweka kipande cha ubani wao kilichochongoka, akawasha, akakifunga. Moshi ukatoka mdomoni.

"Thabit, hebu tazama! Na wao wana vyetezo!"

Ajuza akaeleza kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba huyu huvuta mwezi huu tu. Krismasi ikisha hurudi sandukuni, hulala mpaka mwaka mwengine. Alirudia hilo, viganja viwili shavuni: hulala. Mahfoudha akaitikia kwa kichwa namna mtu anavyomuitikia muuzaji. Nyumba gani ya Omani inafukizwa mwezi mmoja tu?

Wilkister ndiye aliyekitoa kwenye karatasi.

"Ai, madam, na hii ni nini sasa?"

"Si kitu cha Krismasi yenu hicho?"

"Krismasi yetu?" Wilkister alicheka. "Krismasi yetu ni chapati na mbuzi. Hii kamzee sijawahi kuiona kwetu Siaya. Na mbona kananiangalia hivi?"

Basi kila magharibi Mahfoudha alikuwa akikitia kijikaa kilichowaka, chembe ya ubani wa Dhofar na kipande cha udi wa kupika, akifukiza shela zake na mapazia, mwisho anamfukiza mtoto kwa ajili ya hasadi, kama watoto wote wa ukoo ule walivyofukizwa. Tafauti ni kwamba chetezo cha udongo humpitisha mtoto juu ya moshi. Moshi wa kibabu ulitoka mbele. Akawa anamuweka Bashayer uso kwa uso nacho, kinywa kwa kinywa, na mtoto alikuwa akicheka. Desemba ikapita. Kibabu hakikulazwa.

Asubuhi ya baada ya kikohozi kile Bashayer aliamka akakohoa, na kikohozi kikawa kile kile. Cha mzee. Kikapanda, kikakoroga, kikasita, kikamezwa. Mahfoudha alipomwekea titi, mtoto aliliangalia kama mtu anavyoangalia chakula kilicholala, akalichukua kwa ncha ya midomo, akaliacha, na chuchu ikabaki inanuka tumbaku na mafuta ya nguruwe. Aliisugua kwa sabuni mpaka ikachubuka. Mate yaliyodondoka kwenye kitambaa cha kifuani cha mtoto yalikuwa ya kahawia, yananata, na ndani yake mlikuwa na chembe za jivu.

Daktari alisikiliza kifua akasema ni safi. Thabit akasema, "AC tu hiyo, Mahfoudha. Na wewe punguza moshi wako, nyumba imekuwa kama mazar, kaburi la walii." Akaenda zake kazini Duqm, huko anakokaa juma zima.

Mahfoudha akapunguza. Siku ile hakukiwasha kibabu.

Magharibi ilipoadhiniwa Bashayer, aliyekuwa anachezea kijiko zuliani, alikiacha kijiko akageuza shingo kuelekea kabatini, polepole, akauviringisha mdomo wake ukawa tundu, akanyanyua kimkono akakikunja pembeni ya mdomo kama aliyeshika kitu, akaanza kuvuta, kuvuta hewa tupu, mashavu yanabonyea ndani, anavuta na hatoi, anavuta na hatoi, midomo ikaingia rangi ya zambarau na macho yakatoka, na Wilkister anapiga kelele "Madam anakufa, madam mtoto anakufa," na Mahfoudha anampiga mgongo anamgeuza anamwita jina lake, hata mikono yake yenyewe ikakikimbilia kijikaa, ikawasha, ikatia udi, na moshi ulipomfika usoni mtoto alitulia, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, na katika matundu mawili ya pua yake ukatoka moshi, nyuzi mbili, nyembamba, zimenyooka.

"Umeona?" Wilkister alinong'ona.

"Sikuona kitu."

"Umeona, madam. Usinidanganye, umeona."



Ikawa hivyo. Akikiwasha, anamlisha mtoto kwa mikono yake uchafu ule. Asipokiwasha, mtoto anakata roho. Usiku ute wa kibabu ulishuka mpaka kwenye sahani za harusi kabatini. Mwisho akampigia simu Bi Ghaniya wa Ansab, shangazi yake Thabit, mzaliwa wa Unguja, ambaye ukoo mzima unamwogopa mchana na kumtafuta usiku, kwa sababu anapunga pepo.

Bi Ghaniya alipanda ngazi akihema na kuilaani lifti mbovu, kapaka wanja, anatoa harufu ya asumini. Alipofika sebuleni akaziba pua kwa upindo wa buibui.

"Alaa! Nguruwe huyu mmemfuga wapi?" Kisha akakiona kibabu, na mzaha ukamtoka. "Nani kakwambieni kitu chenye mdomo hufukizwa? Chetezo hakina mdomo, mwanangu. Chetezo hakina macho. Hiki hukukifukiza, hiki umekilisha."

"Muuzaji alisema Krismasi ikisha nikilaze."

"Na hukukilaza."

"N'lijua anasema tu, Bi Ghaniya. Wallahi n'lijua mila zao tu."

"Wenyewe wana akili. Wanampa jini wao mwezi, kisha wanamfunga na njaa yake mpaka mwaka mwengine, hapati nguvu. Wewe umempa kila siku, udi na ubani wa Dhofar, na ukamwekea mtoto mbele ya mdomo wake." Alimtazama Bashayer, ambaye alikuwa amekaa kimya na kimkono kimekunjwa pembeni ya mdomo. "Anajua nyumba mbili sasa, mti na mtoto. Tukichoma mti, mtoto atamtapika. Lakini akitoka atatafuta mdomo mwengine. Sote tujifunge leso mdomoni. Mtu asifunue, na wewe mama khasa. Makohozi nitayatoa mimi kwa kitambaa."

"Na asipotapika?"

Bi Ghaniya alikuwa anajifunga leso yake.

Walipanda kwenye paa kabla jua halijazama, na jiko la mkaa. Kibabu kilipotiwa motoni hakikuungua kama mti. Kilitoa jasho. Kofia ikafanya malengelenge, malengelenge yakapasuka, mafuta ya manjano yakachuruzika yakichacharika kwenye makaa, na harufu ikawa ile ile ya uwanja wa Nuremberg, nzito, ya nyama, ikawapenya kwenye leso. Paa la jirani kijana mmoja akachungulia.

"Salam alaykum! Mnachoma nini, mbona inanukia hivyo? Tuleteeni na sie!"

"Ondoka hapo, mwana wee," Bi Ghaniya akafoka chini ya leso, "utaletewa usichokiweza!"

Ndani ya moto kitu kikakohoa.

Bashayer akaitikia. Alikuwa mapajani mwa Wilkister, akajipinda mgongo na akaanza kutapika, ute wa kahawia kwanza, kisha majivu yaliyokorogeka kama uji, kisha nywele, nyeupe, ngumu, za ndevu, na Bi Ghaniya anazivuta kwa kitambaa huku anasoma, zinakuja, zinakuja, zinateleza, halafu zikakatika, na kilichobaki kikakwama. Bi Ghaniya akageukia moto kutupa ubani, sauti yake imepanda, na hakuona, yeye hakuona, lakini Mahfoudha aliona uso wa mwanawe unaingia ile rangi ya zambarau, aliona ncha nyeupe inachungulia puani na kurudi ndani kila mtoto alipojaribu kuvuta pumzi, aliona macho yale madogo yanamtafuta yeye mama yake, na hakukumbuka leso wala onyo wala jini, aliirarua leso, akaizungushia mdomo pua ya mwanawe na kinywa chake kwa pamoja, kama alivyofanya kule baridini, kama mama yake alivyomfanyia yeye, akavuta.

Kikaja. Kirefu, cha uvuguvugu, kina manyoya, kina ladha ya soseji na jivu na meno mabovu. Kikamjaa kinywa. Aligeuza uso ateme, na hakikutemeka. Kilijikusanya juu ya ulimi wake, kikajikunja, kikatafuta njia.

Mahfoudha akasikia mtu amemeza.

Bashayer akalia. Kilio chembamba, kikali, cha mtoto mchanga mwenye njaa na hasira, na hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu vile. Bi Ghaniya alipogeuka, Mahfoudha alishajifunga leso yake.

"Katoka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona chini sikioni?"

"Kimerukia motoni," alisema Mahfoudha. "Kimekwisha."

Bi Ghaniya akasema alhamdulillahi, akakaa chini palepale kwa uchovu. Wilkister alikuwa ameinamisha macho. Lakini yeye aliona.

Thabit aliporudi alifurahi kukuta nyumba haina moshi. Alichoshangaa ni kumkuta Bashayer anakunywa maziwa ya kopo. "Maziwa yangu yamekauka," Mahfoudha alimwambia, na kifua chini ya kanzu kinamuuma kwa kujaa. Alichoshangaa zaidi ni kwamba mkewe hambusu tena mtoto. Alimbeba kwa mikono iliyonyooka, uso pembeni, midomo imefumbwa.

Magharibi moja Wilkister alimkuta jikoni kainama juu ya sinki, bomba la maji kalifungua kwa nguvu ili asisikike. Alikuwa anakohoa. Kilipanda, kikakoroga, kikasita. Mkono wake mmoja umejikunja wenyewe pembeni ya mdomo, anauvuta kwa mkono wa pili kuushusha, haushuki. Katika maji ya sinki ulikuwa unazunguka unywele mweupe.

"Madam," Wilkister alisema chini chini. "Hebu nipigie yule mama wa Ansab simu."

"Usithubutu."

"Lakini unaumwa. Unanuka, madam, nisamehe, unanuka kama yeye."

"Najua ninavyonuka." Mahfoudha alijipangusa kwa mgongo wa mkono, akautazama mkono, akafumba macho kwa kinyaa. "Akimtoa kwangu atakwenda kwa nani? Nshamfunga njaa humu ndani, Wilkister. Simpi udi, simpi ubani, simpi kitu. Anakula mimi tu. Na mimi n'na kifua kikubwa kuliko cha mtoto."

Sebuleni Bashayer alikuwa anacheka na baba yake, kicheko safi, kisichokwaruza.

"Niapie," Mahfoudha alisema. "Si Thabit, si Bi Ghaniya, si mwenzio wa kanisani. Hakuna mwengine."

Wilkister alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Akauinua upindo wa aproni yake, akaubana juu ya mdomo wake kwa mikono miwili, na kutoka nyuma ya kitambaa akasema, "Naapa, madam. Sitaambia mtu."